Kofia na Cheti: Kuteua Sifa ya Kihispania kwa Jambo Muhimu na Jambo la Lazima

Katikati ya jiji la Nairobi, wauza vitabu vya mtumba hutandaza maturubali yao kandoni mwa njia na kuvipanga vitabu juu yake, na kwa kuwa mnunuzi hawezi kuyasoma majina ya vitabu hivyo ila kwa kuupinda mgongo, maduka hayo yasiyo na mlango wala paa yamepewa na wenyeji jina la inama. Katika inama moja, si mbali na Msikiti wa Jamia na Maktaba ya McMillan, alasiri ya Jumamosi, nilimkuta kijana mmoja mkaazi wa Kawangware amechuchumaa juu ya kitabu cha sarufi ya Kihispania kilichochakaa pembe, akipekua kurasa kama mtu aliyepoteza kitu humo. Nilipoiokota kamusi ya lugha hiyo hiyo na kuanza kuisoma, alisimama, akanipa mkono kwa adabu, akasema, “Shikamoo, mwalimu. Naona unakijua Kihispania. Nisamehe kukuchelewesha, lakini nina swali moja ambalo limeninyima usingizi.”

Swali lenyewe lilikuwa hili. Kazi yake ni kuongoza watalii, na kwa kuwa wageni wasemao Kihispania hufurahi mno kupata kiongozi anayeelewana nao, amejifunza lugha hiyo kwa juhudi yake mwenyewe, jioni baada ya jioni, akisha kushuka katika matatu ya nambari 46. Aliwaandikia wageni wake wa kutoka Mexico barua ya kuwaeleza vitu vya kuchukua, maana safari yao ilikuwa ianzie hoteli moja ya Westlands, ipitie Maasai Mara, na imalizikie Arusha kwa njia ya mpaka wa Namanga. Katika barua hiyo alisema kwamba kofia ni “imprescindible”, na kwamba kamera, miwani ya jua, viatu vyepesi na cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni vitu “importantes”. Wageni walifika na kofia nzuri, kila mmoja na yake. Lakini wawili miongoni mwao walikuwa wameviacha vyeti vyao nyumbani, na walipofika Namanga, ambako msafiri atokaye Kenya hutakiwa kuonyesha cheti hicho kabla ya kuingia Tanzania, furaha ya safari iligeuka kuwa kungoja na kusihi chini ya jua. “Maneno yote mawili, mwalimu,” akasema, “nilipoyatazama katika kamusi niliambiwa maana yake ni muhimu. Lile refu nikaipa kofia, kwa sababu jua letu nalijua. Kosa langu liko wapi?”

Tulitafuta kivuli tukaketi, na yale niliyomwambia siku hiyo, pamoja na mengine niliyoyafikiri baadaye, ndiyo ninayotaka kuyaeleza hapa. Kwa maana kosa la kijana huyu si la Kihispania peke yake, bali ni kosa ambalo kila mmoja wetu hulifanya kila siku katika lugha yake mwenyewe, isipokuwa kwamba nyumbani wasikilizaji wetu hutusahihisha kimoyomoyo, ilhali mgeni hana cha kushika ila neno tulilompa. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mtu ajikwaaye ulimi katika neno la kuonyesha haja huwaangusha wengine pamoja naye.

Umuhimu na ulazima ni mambo mawili, japokuwa hutembea pamoja hata mtu akadhani ni pacha. Umuhimu ni uzito: jambo laweza kuwa zito kidogo, zito, zito sana, na mizani hupanda na kushuka bila ya kukatika. Ulazima ni mlango: ama umefunguka ama umefungwa, na mtu hawezi kusema kwamba amepita nusu. Kofia ina uzito wake chini ya jua la Mara, na aliyeikosa ataumwa na kichwa. Lakini safari yake itaendelea. Cheti, ambacho ni karatasi ndogo isiyo na uzito mkononi, ni mlango, na pasipo cheti hakuna Arusha. Kijana alikipa kitu cha uzito neno la mlango, na kitu cha mlango akakipa neno la uzito, na wageni wake, ambao walimwamini, walitii maneno yake barabara.

Msemaji wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali kuutafuta mfano wa tafauti hii, na hasa anapokuwa ameketi mahali ambapo adhana ya Jamia inasikika. Sala ya alfajiri ina rakaa 2 za faradhi, na kabla yake zipo rakaa 2 za sunna ambazo thamani yake ni kubwa, hata waumini wengi hawakubali kuziacha wawapo safarini. Walakini aliyeziacha hizo za sunna sala yake ya faradhi haikubatilika, ilhali aliyeiacha rakaa moja katika zile za faradhi hana sala mpaka aitimize. Wanazuoni waliyapanga matendo yote ya mwanadamu katika madaraja matano, yaani faradhi, sunna, mubaha, makuruhu na haramu, na watoto wa pwani kwa karne nyingi wameyasoma madaraja hayo chuoni kabla ya kujua kusoma gazeti. Kwa hiyo mtu wetu anapokutana na orodha ndefu ya sifa za Kihispania hapaswi kujiona mgeni: kipimo anacho tangu utoto, na kazi iliyobaki ni kujua kila neno la Kihispania lisimame katika daraja gani.

Tena lugha hizi mbili zina ujamaa ambao watu wengi hawaufahamu. Mwaka 711 majeshi ya Waarabu na Waberberi yalivuka bahari kutoka Afrika ya Kaskazini yakaingia Hispania, na dola ya mwisho ya Kiislamu katika nchi hiyo, dola ya Granada, haikuanguka mpaka mwaka 1492, ambao ndio mwaka Antonio de Nebrija alipotoa kitabu chake mashuhuri cha sarufi ya Kihispania. Katika karne zile karibu 8 Kihispania kilikunywa katika kisima kile kile cha Kiarabu ambacho Kiswahili kilikunywa. Sisi twasema sukari na wao husema “azúcar”. Sisi zeituni na wao “aceituna”. Hakimu wetu ni kadhi, na kwao jina hilo hilo likawa “alcalde”, mkuu wa mji. Sisi tukisema hata na wao wakisema “hasta”, tumechukua neno moja la Kiarabu. Na mwenye kutamani jambo liwe husema “ojalá”, ambalo ndani yake limo jina la Mwenyezi Mungu kama lilivyomo katika inshallah yetu.

Lakini katika maneno ya haja na ulazima ndugu hawa wawili waliachana njia. Kiswahili kilichukua kutoka Kiarabu takriban hazina yake yote ya namna hii: muhimu, lazima, faradhi, wajibu, dharura, sharti, budi. Kihispania kilibaki na urithi wa Kilatini. Ndiyo sababu kamusi humfikisha mwanafunzi mlangoni tu na kumwacha hapo. Chuo cha Lugha cha Hispania, kilichoasisiwa mwaka 1713, kimekusanya maneno kwa zaidi ya miaka 300, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1930, ilifanya kazi kama hiyo kwetu, lakini hakuna kamusi inayoweza kumfahamisha msomaji jambo zima la daraja la neno kwa kuliwekea neno jingine moja mbele yake. Inatubidi tuyafungue maneno yenyewe tuone yana nini ndani.

Neno “importante” latokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuleta ndani, na hata leo kitenzi cha Kihispania “importar” hufanya kazi mbili: mfanyabiashara hukitumia kwa kuagiza bidhaa kutoka ng'ambo, na mtu wa kawaida hukitumia kwa kujali, akisema “no me importa”, yaani halinishughulishi. Jambo “importante” ni jambo liletalo kitu ndani ya maisha ya mtu, liletalo matokeo. Muhimu yetu nayo imetoka katika shina la Kiarabu la kushughulika na kuhangaika moyo, shina lile lile lililotupa neno hamu; jambo muhimu ni lile linaloutia moyo shughuli. Maneno haya mawili basi yanalingana vema, na yote mawili ni ya uzito, wala hayana habari na mlango. Mtu akikwambia kwamba kitu ni “importante” amekwambia ukitie moyoni. Hajakwambia kwamba bila ya kitu hicho utarudishwa.

“Necesario” ndilo neno la kwanza la mlango. Wenye kuchunguza asili ya maneno ya Kilatini huelezea kwamba limejengwa kwa ukanusho na kitenzi cha kuondoka au kurudi nyuma, hata maana yake ya mwanzo ikawa jambo lisilo na pa kukwepea. Na je, sisi twasemaje? Twasema hapana budi, sina budi. Na budi katika Kiarabu ni pa kutokea, njia ya kuepuka. Watu wawili ambao hawakupata kukutana, mmoja wa Roma na mmoja wa Uarabuni, walipotaka kuusema ulazima waliwaza picha moja: mtu aliyetazama nyuma akaona hakuna njia. Jirani yake “necesario” ni “preciso”, ambalo katika usemi “es preciso” lina maana hiyo hiyo kwa sauti ya heshima zaidi, lakini likifuata jina la kitu hugeuka kuwa sahihi bila ya kupungua wala kuzidi, kama “un reloj preciso”, saa isiyokosea. Yupo pia mzee wao, “es menester”, ambaye husikika katika vitabu na vinywani mwa watu wazima kama inavyosikika yapasa kwetu. Kijana akimtumia katika barua ya watalii atakuwa amevaa kanzu ya babu yake, nayo ni nzuri, ila si ya mahali hapo.

Sasa tufike kwa lile neno refu lililompendeza kijana wetu. “Imprescindible” limetokana na “prescindir”, yaani kufanya jambo bila ya kitu fulani, na shina lake la Kilatini ni kukata. Kitu kilicho “imprescindible” ni kile kisichoweza kukatwa kikaachwa nje. Ukikikata umeukata na mwili wenyewe. Mwenzake “indispensable” latokana na “dispensar”, kumsamehe mtu wajibu au kumpa ruhusa ya kuuacha. Kwa hiyo ni kile ambacho hapana awezaye kukupa ruhusa ya kukikosa. Wahispania huyatumia maneno haya mawili karibu sawasawa, lakini atakayezikumbuka picha zake, moja ya kisu na moja ya ruhusa, hatayatupa ovyo.

Kuna kundi la tatu, ambalo si la uzito wala la mlango, bali ni la mahali kitu kinapokaa ndani ya kingine. “Esencial” ni la dhati. “Fundamental” ni la msingi. “Vital” ni la uhai. Ili nimfahamishe kijana tafauti ya “esencial” na “imprescindible” nilimwomba aikumbuke sufuria ya pilau. Mchele ni “imprescindible”, kwa maana bila ya mchele hakuna cha kupika. Bizari ya pilau ni “esencial”: ukiiacha, wali utaiva na watu watashiba, lakini kilichopakuliwa hakitakuwa pilau, kwa sababu dhati yake imeondoka. Nyama ni “importante”, na mwenye nyumba ataona haya kuikosa mbele ya wageni. Na kachumbari ya kando ni “conveniente”, yafaa, yapendeza, na aliyeiandaa ameshukuriwa. Kijana alicheka akasema, “Kumbe mama yangu amekuwa akinifundisha Kihispania miaka yote hii.” Nami nikamjibu kwamba ndivyo, mama yake alimfundisha maana, na Wahispania wamempa majina tu.

Hilo “conveniente” lataka tahadhari, hasa kwa wale waliosoma Kihispania kwa kupitia Kiingereza, maana hudhani lina maana ya kitu kisicho na usumbufu. Mhispania asemapo “es conveniente” anatoa nasaha: ni vyema, yafaa, ingekuwa bora. Hapo ndipo ilipo sunna yao. Daktari akisema “es conveniente caminar todos los días” ameshauri mgonjwa atembee kila siku, hajamwekea sharti.

Na masharti yapo ya namna mbili. “Obligatorio” hubeba ndani yake kitenzi cha kufunga kwa kamba, nalo ni neno la sheria: kipo chombo au mtu aliyetufunga. “Forzoso” hubeba ndani yake “fuerza”, nguvu, nalo ni neno la hali ilivyotokea, wala halihitaji mwamuzi. Ndege iliyoharibika ikatua porini imefanya “aterrizaje forzoso”, kutua kwa kulazimika. Wakaazi wa Nairobi wanao mfano mzuri wa tafauti baina ya “necesario” na “obligatorio”. Mwezi wa Februari mwaka 2004 zilianza kutekelezwa kanuni za matatu zilizosimamiwa na Waziri John Michuki, zikiamuru mikanda ya viti na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Mkanda haukuanza siku hiyo kuwa “necesario”. Mwili wa binadamu katika ajali ulikuwa ukiuhitaji tangu gari la kwanza. Kanuni ziliufanya uwe “obligatorio” kwa abiria wa matatu. Jambo laweza kuwa la lazima kwa maumbile kabla ya kuwa la lazima kwa amri, na kwa bahati mbaya laweza pia kuwa la lazima kwa amri bila ya kuwa na haja yoyote. Lugha iliyo na sifa mbili kwa mambo hayo mawili huwasaidia raia wake kuona.

Ipo njia nyepesi ya kujua kama neno ni la uzito au la mlango, nayo ni kulitia sana. Twasema muhimu sana, wala sikio halishtuki. Lakini hakuna asemaye faradhi sana, wala sharti sana, kwa kuwa mlango uliofungwa hauwezi kufungwa zaidi. Kihispania hutii kanuni hiyo hiyo: “muy importante” ni sawa, na hata “importantísimo”; “muy necesario” pia husemwa, kwa sababu neno hilo limetumika sana hata likaanza kuegemea upande wa uzito, ila “muy imprescindible” humkwaruza masikio Mhispania aliyelelewa vema. Na hapa pana onyo la kiadili. Neno la mlango likitumiwa kila siku kwa vitu vya uzito hudhoofika, na siku mlango wa kweli utakapofungwa msemaji atakuwa hana neno la kuutangaza. Mzazi aliyezoea kusema lazima kwa kuchana nywele, lazima kwa kunywa maziwa, na lazima kwa kusalimu, siku atakaposema ni lazima mtoto asivuke Barabara ya Ngong peke yake, neno lake litamfikia mtoto likiwa limechoka.

Baada ya kuteua neno inabaki sarufi, na hapa msemaji wa Kiswahili ana bahati isiyo ndogo. Katika Kihispania, sifa hizi zikitaja jambo kwa watu wote kwa jumla hufuatwa na kitenzi kisichobadilika: “es importante estudiar”, ni muhimu kusoma. Zikimtaja mtu fulani, huja kiungo “que” na kitenzi hubadili mwisho wake: “es importante que estudies”, ni muhimu usome. Wanafunzi wa mataifa mengi huteseka miezi kwa miezi kwa mabadiliko haya, lakini sisi tumezaliwa nayo. Kitenzi cha Kihispania cha kundi la “hablar” hutoka “habla”, anasema, kikawa “hable”. Nacho chetu hutoka anasema kikawa aseme. Irabu “a” ya mwisho hugeuka “e” kwao kama inavyogeuka kwetu, na sababu ni moja: tumetoka katika kusimulia lililopo tumeingia katika kutaka liwepo. Hata ukweli ukitajwa, lugha zote mbili huacha kugeuza: “es cierto que habla”, ni kweli kwamba anasema. Kweli ni kwamba vitenzi vyao vya makundi mengine huenda kinyume, “come” hugeuka “coma”, na vyetu vyenye asili ya Kiarabu, kama safiri na jibu, havigeuki kamwe. Lakini moyo wa kanuni ni ule ule, na mtu wetu akitaka kujua pa kuigeuza irabu na aliseme jambo lake kwanza kwa Kiswahili.

Katika upatanisho wa sifa pia kuna faraja. “Necesario” na “obligatorio” hubadilika kufuata jina, “necesaria” kwa jina la kike. Lakini “importante”, “imprescindible”, “esencial” na “vital” hazijali uke wala uume, hudai wingi tu. Nasi tunazo sifa zinazovaa viambishi, mtu mzuri na kitu kizuri, na nyingine zilizotoka ng'ambo zisizovaa chochote, mtu muhimu na kitu muhimu. Ila kuna mtego mmoja ambao sharti uepukwe: “necesitado” si “necesario”. Mwenye kusema “soy necesario” anajitangaza kuwa watu wanamhitaji; mwenye kusema “soy necesitado” anajitangaza kuwa fukara mwenye dhiki. Herufi chache hugeuza cheo kuwa ombi la sadaka.

Ukanusho nao uko katika daraja lake. “No es necesario que vengas” ni si lazima uje, na mwenye kuambiwa yuko huru kuja. “Es necesario que no vengas” ni lazima usije, na mlango umefungwa usoni pake. Mahali pa neno moja dogo ndipo palipo tafauti ya ruhusa na marufuku, na Kiswahili, kwa neema yake, hutenganisha mambo haya kwa njia hiyo hiyo.

Msomaji aweza kuuliza haya yanamhusu nini mtu wa Nairobi. Yanamhusu zaidi ya anavyodhani. Katika Lavington, mwaka 1961, kilianzishwa Chuo cha Strathmore kwa msukumo wa Opus Dei, jumuiya iliyoasisiwa Madrid mwaka 1928 na padri Mhispania Josemaría Escrivá; Hispania basi imekuwa na mkono katika elimu ya mitaa ya magharibi ya jiji hili tangu kabla ya uhuru. Gigiri, kaskazini mwa jiji, ndiko yaliko makao ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lililoundwa mwaka 1972, na Kihispania ni mojawapo ya lugha 6 rasmi za Umoja huo. Wajumbe wa Argentina na Kolombia na Mexico huketi humo na wenzao wa Afrika wakipima maneno ya maazimio, na azimio lisemalo kwamba hatua fulani ni ya lazima si azimio moja na lile lisemalo kwamba hatua hiyo yafaa.

Na mwaka 2018 serikali ya Kenya ilileta kutoka Kuba madaktari bingwa wapatao 100, na kupeleka huko madaktari wa Kenya 50 wakasomee udaktari wa familia, mpango uliodumu mpaka uliposimamishwa mwaka 2023. Nimewafikiria mara nyingi wale 50, waliokutana na maneno haya si katika barua ya watalii bali kitandani pa mgonjwa. Kwa daktari, “urgente”, ambalo mzizi wake ni kusukuma na kubana, si sawa na “importante”: jeraha litokalo damu ni la dharura, na kisukari kilichotulia ni jambo muhimu la miaka mingi. Neno letu dharura nalo limezaliwa pamoja na madhara katika shina moja la Kiarabu, kana kwamba linatuonya kwamba ukichelewa nalo utavuna jamaa yake. Dawa iliyo “imprescindible” haiachwi. Iliyo “conveniente” yaweza kungoja mwisho wa mwezi mfuko ukijaa. Mgonjwa maskini hujipangia matumizi kwa kufuata sifa aliyoichagua daktari, na kwa hiyo kuteua sifa ni amana.

Nilipofika hapo kijana alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Basi nifanyeje, mwalimu, nisikosee tena? Maneno ni mengi.” Nikamwambia asianze na maneno. Aanze na kitu chenyewe, akiulize swali moja: ukikosekana, itakuwaje? Jibu likiwa ni majuto, kitu hicho ni “importante”. Likiwa ni usumbufu mdogo, ni “conveniente”. Likiwa kwamba jambo litakuwepo ila litakuwa limepoteza dhati yake, ni “esencial”. Likiwa kwamba sheria itakushika, ni “obligatorio”. Na likiwa kwamba hakuna tena safari, hakuna sala, hakuna pilau, hapo na hapo tu lichukue lile neno refu.

Alitoa kalamu, na juu ya bahasha kuukuu akaiandika upya orodha ya vitu vyake vitano, kimoja chini ya kingine, akikiuliza kila kimoja swali lake kwa sauti ya chini. Kamera: atasikitika. Miwani: atakunja uso. Viatu: vidole vitauma. Alipofika kwenye kofia alisita kidogo, kwa kuwa aliipenda, kisha akaandika “importante”. Mwisho akaandika taratibu: “Es imprescindible que cada viajero lleve consigo el certificado”, akaitazama ile “e” ya mwisho wa “lleve”, akatabasamu. Alimlipa mwenye inama bei ya kitabu, akaniaga kwa heshima, akashika njia ya kwenda kutafuta matatu ya Kawangware. Na katika vitu vitano vya orodha yake kimoja tu ndicho kilichobaki na neno lile.